Lusini huuzwa kwa robota, hasara huonekana kwenye mizani

Mnunuzi wa lusini kavu jijini Nairobi huulizwa swali moja tu: unataka marobota mangapi? Haulizwi kilo. Haambiwi mzigo ulikatwa lini wala una unyevu kiasi gani. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyebanwa na ukosefu wa malisho hajali sana. Maadamu rangi ni ya kijani na ng'ombe anakula, pesa zinatoka. Anayeleta matata ni mwenye farasi.

Farasi wa mbio, wa polo na wa kupanda kuanzia viunga vya Nairobi hadi Gilgil na Nanyuki ni wachache mno ukiwaweka kando ya ng'ombe wa maziwa wa Kiambu pekee. Lakini wenye farasi hao hulipa bei ya juu, na bei hiyo ndiyo kila mkulima wa lusini huitaja mnunuzi mwingine anapokuja kupatana. Kwa hiyo mfugaji wa ng'ombe wawili, ambaye hajawahi kumshika farasi, anaguswa na yanayotokea kwenye mabanda ya farasi.

Huko lusini si chakula kikuu. Farasi wa kilo 450 anahitaji takriban kilo 7 hadi 11 za chakula kikavu kwa siku, na sehemu kubwa ni nyasi za kawaida kama boma rhodes. Lusini ni nyongeza ya kilo moja au mbili kwa farasi aliyekonda, jike anayenyonyesha, au mzee ambaye meno yamekwisha. Na mara nyingi hapewi ikiwa kavu. Saisi hutia vitofali vya lusini iliyoshindiliwa kwenye ndoo, akamimina maji mara mbili ya kipimo cha vitofali, kisha akangoja nusu saa hadi saa nzima mpaka vivimbe na kuvurugika kama uji mzito. Asipongoja, farasi mlafi hubugia vipande vikavu vikamkaba kooni, na daktari wa mifugo akaitwa usiku wa manane. Akiloweka ndoo ya siku nzima kwa mpigo, hasa kwenye joto la pwani, chakula huchacha kabla ya jioni. Lusini ya robota nayo hulowekwa, ila hiyo ni kwa sababu ya vumbi, kwa kuwa farasi anayevuta vumbi la ukungu kila siku hana pumzi ya kumaliza mbio.

Mfanyabiashara mmoja anayepeleka lusini kwenye mabanda hayo, aliyeomba asitajwe kwa kuwa wateja wake wote wanajuana, anasema maji ya ndoo yamemharibia soko pande zote mbili. Kwanza yamewazoesha wateja vitofali, ambavyo vingi hutoka nje ya nchi: gunia lina uzito ulioandikwa, hakuna takataka, saisi anapima kwa kopo. Dola ilipovuka shilingi 160 Januari 2024, anasema, mabanda kadhaa yalirudi kwake yenyewe yakiomba marobota. Dola iliposhuka hadi karibu 130 baadaye mwaka huo, simu zikanyamaza. Hajui mwaka ujao anunue gari jingine au auze hilo alilonalo.

Upande wa pili ndio unaomuuma zaidi. Kuloweka, anasema, kumewapa wauzaji wabovu kisingizio. Mteja akilalamika kwamba robota linatoa vumbi, anajibiwa aloweke tu, vumbi litaisha. Jibu hilo lina ukweli nusu. Maji hulaza vumbi, lakini sumu iliyoachwa na ukungu ndani ya majani haiondoki kwa ndoo moja ya maji, na mwenye farasi mgonjwa wa tumbo hana wa kumdai. Yeye anayenunua mzigo safi kwa bei kubwa anajikuta anashindana na mzigo ulioozea kwenye ghala la mabati, na kwa macho ya mteja mgeni mizigo yote miwili ni marobota ya kijani.

Getini hapati huruma. Saisi mkuu hapimi robota la juu kwenye lori, maana hilo limepangwa lionekane. Huchomoa moja la katikati, akakata kamba, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Mkono ukikuta joto, lori zima linageuzwa. Mfanyabiashara anasema hasara hiyo yote ni yake, kwa sababu mkulima alikwisha kulipwa taslimu shambani, ushuru wa kaunti alikwisha kuulipa njiani, na mabanda yanayopokea mzigo huchukua wiki nyingi kulipa. Angependa biashara yote ihamie kwenye kilo. Nilipomuuliza kama yeye hununua kwa kilo kutoka kwa wakulima, alicheka.

Kicheko hicho kina bei. Robota la kilo 15 lenye unyevu wa asilimia 12 lina zaidi ya kilo 13 za chakula chenyewe. Robota la uzito uleule lililofungwa likiwa na unyevu wa asilimia 25 lina kilo 11 na robo. Tofauti ni karibu kilo mbili kwa kila robota, na kwa lori la marobota 200 ni karibu kilo 400 za maji yaliyouzwa kwa bei ya lusini. Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi, maana robota lenye maji linaweza kuwa zito kuliko la haki. Isitoshe, robota dogo likifungwa na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi hupata joto ndani, huota ukungu, na likirundikwa na mengine linaweza hata kuwaka moto lenyewe. Mkulima anayefunga mapema si lazima awe mwizi; wengi huogopa mvua. Lakini wapo wanaonyunyizia maji kabla ya kupakia, na hakuna niliyezungumza naye sokoni aliyekana hilo.

Ukienda kwa wanaosimamia kilimo, picha ni nyingine kabisa. Afisa mmoja wa ugani, ambaye hana ruhusa ya kuzungumza na wanahabari, ananadi lusini kama zao lisilo na hasara. Hesabu yake ni hii: ukikata kila baada ya siku 35 hadi 42 unapata mavuno 8 hadi 10 kwa mwaka, shamba linadumu miaka minne, na protini ni asilimia 20. Amezirudia tarakimu hizo mara nyingi hadi ukijaribu kumuuliza kitu kingine anarudi palepale.

Tarakimu zenyewe si za uongo. Ila zinatokana na kalenda, na kalenda hainyweshi shamba. Mavuno 8 yanawezekana kwa mwenye maji ya kumwagilia mwaka mzima, kama baadhi ya mashamba ya Naivasha. Ekari inayotegemea mvua hukaa miezi ikisubiri. Protini ya asilimia 20 ni ya lusini iliyokatwa ndiyo kwanza inaanza kutoa maua. Ikiachwa ichanue yote, hushuka hadi karibu 15, na wanaochelewesha ni wengi kwa sababu mmea mrefu hutoa marobota mengi. Kisha kuna majani. Zaidi ya nusu ya protini imo kwenye majani, nayo hupukutika ovyo yakigeuzwa na kufungwa kwenye jua kali la mchana. Anayefungia saa saba mchana anauza vijiti. Afisa anakiri hayo yote akibanwa, lakini hayamo kwenye karatasi anayowagawia wakulima.

Afisa huyohuyo ana matumaini makubwa na soko la nchi za Ghuba, na hapo ana hoja ya kusikilizwa. Saudi Arabia iliamua mwaka 2015 kusitisha hatua kwa hatua kilimo cha malisho ya kijani ili kuokoa maji ya chini ya ardhi, na tangu hapo eneo hilo limetegemea sana lusini ya Marekani, Hispania na Sudan. Sudan imo vitani tangu Aprili 2023. Oktoba mwaka huohuo jimbo la Arizona lilitangaza kuvunja mkataba mmoja, na kutoongeza muda wa mingine, ya ardhi ya umma iliyokodishwa kampuni ya Kisaudi inayolima lusini, baada ya wenyeji kulalamikia visima. Pengo lipo, basi. Kama linaweza kuzibwa kutoka Mombasa ni suala jingine. Mzigo wa Ghuba hushindiliwa upya kwa mashine ili kontena libebe tani za kutosha. Robota letu likipakiwa lilivyo, unailipa meli ibebe hewa. Na nchi iliyopoteza zaidi ya mifugo milioni 2 katika ukame wa 2020 hadi 2022 ina kazi ya kueleza kwa nini malisho yake yavuke bahari.

Msimu ukiwa na mvua nzuri, bei ya lusini hulegea kidogo kwa kuwa ng'ombe hupata nyasi za bure, na mabanda ya farasi hubaki wanunuzi wakubwa. Mvua ikikatika, kila kitu kinapanda na hakuna anayeuliza unyevu. Kati ya hali hizo mbili sioni kinachomlazimu muuzaji kubadilika, isipokuwa vitofali vikiendelea kuwa nafuu, na hilo liko mikononi mwa dola.

Unayenunua wiki hii, beba mizani ya kuning'iniza. Chomoa marobota matano ya katikati ya lori, yapime, ukate kamba za mawili kati ya hayo na uingize mkono hadi ndani. Ukikuta joto au harufu ya ukungu, usikubali kuambiwa uloweke. Rudisha mzigo.