Alimaliza wa mwisho, dunia ikampenda: Funzo la Philip Boit kwa kijana wa Migori na Homa Bay

Kama unaishi Rongo, Awendo, Mbita au Kendu Bay, huenda theluji umeiona kwenye simu tu. Sasa fikiria mtu akuambie uvae mbao ndefu miguuni, ukashindane na watu waliozaliwa kwenye baridi. Si ungemcheka?

Philip Boit wa Eldoret aliambiwa hivyo, na akakubali. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyeshinda shaba ya mbio hizo katika Olimpiki ya Munich 1972. Lakini kwenye mbio, unajua vile Wakenya wamejaa. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimdhamini yeye na Henry Bitok waende Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji. Alikuwa na miaka 24.

Februari 1998, huko Nagano, Japani, akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi. Mbio zilikuwa za kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na ushee. Boit alitumia dakika 47, nafasi ya 92, mkia kabisa.

Na hapo ndipo jina lake lilipopaa. Dæhlie, bingwa aliyestaafu na dhahabu 8 za Olimpiki, alimsubiri Boit mpaka akafika, akamkumbatia. Sherehe ya medali ikangoja. Wakawa marafiki, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Lakini usidanganyike, hakupendwa kwa sababu alishindwa. Alipendwa kwa sababu alimaliza, kisha akarudi. Alishiriki Salt Lake City 2002 na Turin 2006, ambako hakuwa wa mwisho tena. Akiwa nyumbani bila theluji, alijifua barabarani kwa mbao zenye magurudumu.

Kwa nini nakuambia haya? Kwa sababu hapa kwetu kijana akiachwa nje ya timu ya kandanda, mtaa mzima unamwona amekwisha. Ukimkuta pembeni mwa uwanja Homa Bay au Migori, amekata tamaa akiwa na miaka 19. Boit alianza mchezo mpya akiwa amempita miaka mitano.

Hakuanza bure, lakini. Pumzi na miguu ya mkimbiaji alikuwa nazo tayari. Wewe pia jiulize: una nguvu gani ambayo mchezo mwingine unaihitaji? Mikono iliyozoea kupiga kasia ziwani inaweza kufaa kwenye mashindano ya makasia. Kimo kirefu kinatafutwa kwenye voliboli na vikapu.

Kisha uliza mapema nani atalipa nauli, vifaa na kocha, na mdhamini akiondoka itakuwaje. Kipaji bila mpango hakifiki mbali.

Ukishaingia, maliza. Hata wa 92 anahesabiwa. Aliyetoka njiani haandikwi.