Weusi Ndio Unaobeba Rangi

Anayejaribu kwa mara ya kwanza kutengeneza kadi yenye sura ya vioo vya rangi huanza kwa kuchagua rangi. Ndiyo maana kadi yake hukatika katikati kabla hata gundi haijafunguliwa. Kazi hii huanzia kwenye weusi.

Katika madirisha ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, ambayo mengi ni ya karne ya 12 na 13, vioo vimeshikwa na kanda nyembamba za risasi. Mistari myeusi unayoiona ukiwa ndani ni risasi hiyo ikizuia mwanga. Mafundi wa Sanaa, Yemen, walishika njia nyingine: dirisha lao, kamaria, huchongwa matundu kwenye jasi, kisha vioo hupachikwa. Kadi yetu ni ndugu wa kamaria. Tunatoboa manila nyeusi na kubandika karatasi ya rangi kwa nyuma.

Sisi wa Dodoma tuna zabibu, basi anza na kichala chake. Kunja manila ya A4 katikati, acha fremu ya sentimita 1 pande zote, kisha uchore kwa penseli upande wa ndani. Kila punje ni tundu. Kati ya punje na punje bakiza milimita 3 hadi 4 za manila. Hapo ndipo wengi huteleza: punje zikigusana, zinakuwa shimo moja. Ukitoboa pia anga linalokizunguka kichala, kikonyo nacho lazima kishike fremu, na jani liishike kwa upande wa pili, la sivyo kichala chote kitadondoka mezani. Kata kwa wembe mpya, ukianzia matundu ya katikati na kumalizia ya pembeni, ili karatasi isilegee mapema. Kwenye kona za mviringo zungusha karatasi, mkono utulie.

Ukishazoea, jaribu watu warefu wembamba wa michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Pale wamechorwa kwa wekundu. Hapa wao ndio wawe weusi na anga liwe na rangi. Miguu ishike ardhi, kichwa kishike tawi au mwale wa jua.

Rangi sasa. Kioo cha dirishani hupata rangi kutokana na madini yaliyoyeyushwa ndani yake: kobalti hutoa buluu, na dhahabu kidogo sana hutoa wekundu. Karatasi laini za mapambo zimetiwa rangi tu, tena nyingi huchuja zikilowa. Kwa hiyo paka gundi kwenye manila, si kwenye karatasi, na iwe kidogo. Gundi ya kijiti ni salama zaidi. Tabaka mbili za zambarau upande mmoja wa punje huleta kivuli, na buluu juu ya njano hutoa kijani cha jani. Kiangazi chetu kikavu huwahi kukausha gundi na kupinda manila, basi ilaze kadi chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Usiandike salamu nyuma ya picha, maana maandishi yatazuia mwanga. Weka karatasi nyeupe upande wa pili wa mkunjo. Mimi hupenda karatasi nzito ya kutengenezwa kwa mkono, kama ile ya kinyesi cha tembo ya Neema Crafts, Iringa, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza mwaka 2003. Na salamu iwe salamu kweli. Kadi za kutukumbusha mchango wa harusi tunazo za kutosha.

Mwambie mpokeaji aisimamishe dirishani ikiwa imefunuliwa, si kabatini. Karatasi laini itang'aa yenyewe tu. Ukitumia karatasi angavu ya kufungia zawadi, jua la asubuhi litazimwaga zabibu zako sakafuni, ila jua hilohilo litazipausha rangi taratibu, kwa hiyo asubuhi ikipita ifunikwe.