Avata: Mwenzako wa Kwenye Kompyuta

Leo tunazungumzia avata.

Avata ni nini? Ni mfano wa mtu ambao mchezaji hujichagulia ndani ya mchezo wa kompyuta au simu. Humpa sura, kimo, mavazi na jina, kisha humtumia kutembea, kupigana na kuzungumza na wachezaji wenzake.

Je, ni mwanasesere tu? La. Mwaka 2007, Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti wao. Waliopewa avata warefu walikaza msimamo walipogawana pesa, kuliko waliopewa wafupi. Waliopewa sura za kupendeza walimkaribia mwenzao zaidi na kumweleza mengi kuwahusu. Kumbe umbo tunalolivaa huko hubadilisha mwenendo wetu!

Avata anaweza kumfaa mtu. Mats Steen wa Norwe aliugua Duchenne, ugonjwa unaodhoofisha misuli, na alitumia kiti cha magurudumu. Katika mchezo wa World of Warcraft, avata wake alikuwa na nguvu na alikimbia. Mats alipofariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25, wazazi wake walidhani hakuwa na marafiki. Walipotangaza kifo chake kwenye intaneti, wachezaji wa nchi mbalimbali waliwaandikia wakimlilia rafiki yao.

Lakini kuna hatari pia. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo hii katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu:

1. Kushindwa kujizuia kucheza.
2. Kutanguliza mchezo kuliko mambo mengine maishani.
3. Kuendelea kucheza hata madhara yanapoonekana.

Kwa kawaida dalili hizi hudumu miezi 12 au zaidi, na huvuruga masomo, kazi au uhusiano na jamaa.

Mzazi, usianze kwa kumnyang'anya mtoto simu. Keti naye umwulize: Huyu avata wako ni nani? Ana nini ambacho wewe unakitamani? Rafiki zake ni akina nani? Huenda ukagundua upweke, au aibu juu ya mwili wake, ambayo hajawahi kukutajia. Ukiziona dalili tulizotaja, mpeleke kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe.