Kipofu Anapotafuta Kazi Ng'ambo ya Mpaka



Wenzetu wasioona wa Tororo hutuuliza kama wanaweza kuvuka Busia kutafuta kazi Kenya. Wanaweza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inawapa haki hiyo. Mkataba ukizidi siku 90, kibali kiombwe katika siku 15 za kazi tangu kuufunga. Wengi hukwama hapa: mwajiri husema "tutashughulikia", siku zikapita.

Lakini hatari kubwa zaidi ni mkataba wenyewe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakubali alama ya dole gumba, basi kipofu aweza kufungwa na karatasi asiyoijua. Asitie dole kabla ya kusomewa mshahara, saa za kazi na likizo na mtu anayemwamini, wala si karani wa mwajiri. Nakala abaki nayo.

Chumba kiwe karibu na kazi. Busia ina malori na bodaboda tele (hata jina hilo lilizaliwa mpakani), kwa hiyo atembezwe njia ile mara kadhaa, mpaka aizoee kwa fimbo yake. Mwanachama anayeishi jirani naye ajiandikishe ofisini kwetu.