Barua Zilizovuka Ruvuma

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Siku hizi habari husafiri kwa simu, na wako wenzangu humu bwenini ambao hawajapata hata mara moja kulamba stempu na kuibandika juu ya bahasha. Kwa hiyo nikisema kwamba mimi ni mpenzi wa barua za kale, wengine hucheka na kuniuliza faida yake ni nini. Katika makala haya nataka kuwaeleza wasomaji juu ya barua za namna moja tu, yaani zile zilizochukuliwa na makampuni ya biashara zamani, na hasa barua za Kampuni ya Nyasa iliyokuwa jirani yetu upande wa pili wa Mto Ruvuma. Nitaeleza pia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili mwingine asilifanye.

Nyumbani kwetu ni Msimbati, kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini. Mtu akisimama pale kwetu, nchi ya ng'ambo ya mlango wa mto ni Msumbiji. Watu wa pande hizi mbili wameoana na kuzikana tangu zamani, na mpaka uliowekwa na wageni haukuukata udugu wao.

Basi, ilikuwaje kampuni ya biashara ikawa na posta? Mwaka 1891 Serikali ya Ureno iliitoa sehemu ya kaskazini ya Msumbiji kwa kampuni. Wareno wenyewe hawakuwa na fedha wala watu wa kutosha kuitawala nchi ile ya mbali. Kampuni ilipewa nchi yote iliyo baina ya Mto Ruvuma na Mto Lurio, tangu pwani mpaka Ziwa Nyasa. Makao yake makuu yalikuwa kwanza katika kisiwa cha Ibo, kisha yakahamishiwa Porto Amélia, mji ambao leo unaitwa Pemba. Msomaji asiuchanganye mji huo na Pemba ya karafuu.

Kampuni hiyo haikuwa duka tu. Ilitoza ushuru wa forodha, ilikuwa na askari wake, ilitoza kodi ya nyumba, tena ilikusanya vijana na kuwapeleka migodini Afrika ya Kusini, mpaka mwaka 1913 Serikali ya huko ilipozuia watu wanaotoka kaskazini ya nyuzi 22 wasiajiriwe. Kwa sababu ya kodi hiyo na kazi za lazima, watu wengi, hasa Wamakonde, walivuka Ruvuma na kuhamia upande wetu. Hati ya kampuni ilikwisha mwaka 1929, na nchi ikarudi mikononi mwa Serikali ya Ureno.

Mwenye nchi hana budi kupeleka barua, na mwenye kupeleka barua huuza stempu. Hapo kwanza, katika miaka ya 1897 na 1898, kampuni ilitumia stempu za Msumbiji zilizopigwa chapa ya neno NYASSA juu yake. Mwaka 1901 ikatoa stempu zake yenyewe, zilizochapwa London na kiwanda cha Waterlow. Za bei ndogo zina picha ya twiga, na za bei kubwa zina picha ya ngamia, na zote zina kichwa cha Mfalme Carlos. Twiga sina ugomvi naye, lakini ngamia wa Ruvuma sijapata kuwasikia hata kwa wazee! Ufalme wa Ureno ulipopinduliwa mwaka 1910, stempu zile zile zikapigwa chapa ya neno REPUBLICA. Mwaka 1921 zikatoka nyingine mpya.

Kampuni ya Nyasa haikuwa peke yake katika jambo hili. Huko Mombasa, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyoongozwa na William Mackinnon, ilifungua posta mwezi wa Mei 1890. Ilianza kwa stempu za Uingereza zilizopigwa chapa ya jina lake, na katika mwaka ule ule ikatoa zake zenye picha ya jua na taji. Kampuni hiyo ilishindwa kwa gharama, na mwaka 1895 Serikali ya Kiingereza ikaichukua nchi. Tena Mackinnon huyo huyo ndiye aliyekuwa na meli za British India, ambazo tangu mwaka 1872 zilileta barua Unguja kila mwezi kutoka Aden. Upande wa Wajerumani kulikuwa na meli za Deutsche Ost-Afrika Linie ya Hamburg, iliyoanza mwaka 1890. Ndani ya meli hizo kulikuwa na posta kabisa, na barua iliyotiwa melini ilipigwa muhuri wenye maneno "Deutsche Seepost".

Lakini stempu iliyo karibu kuliko zote na nyumbani kwetu ni ya Kionga. Kionga ni nchi ndogo iliyo kusini ya mlango wa Ruvuma. Wajerumani waliichukua mwaka 1894, na Wareno wakaitwaa tena mwezi wa Aprili 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wareno walifurahi sana, hata katika mwezi wa Mei wakaitolea Kionga stempu zake. Hawakuwa na muda wa kuchapa mpya, kwa hiyo walitwaa stempu za Lourenço Marques za reis 100 na kuzipiga chapa ya neno KIONGA pamoja na bei mpya. Zilikuwa stempu nne tu: za nusu senti, senti moja, senti mbili na nusu, na senti tano za Kireno. Kichwa kilichomo ni cha Mfalme Carlos, ambaye alikuwa ameuawa tangu mwaka 1908, na nchi yake haikuwa tena na mfalme! Hata hivyo watu wa mbali wasioweza kuionyesha Kionga katika ramani wanalijua jina lake kwa sababu ya stempu hizo nne.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mkusanyaji wa stempu hutafuta kipande cha karatasi chenye picha. Mkusanyaji wa barua hutafuta bahasha nzima kama ilivyosafiri. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyoniponza.

Babu yangu alikuwa na kasha la mninga, na ndani yake mlikuwa na barua moja ya zamani. Barua hiyo aliletewa babu yake na nduguye aliyebaki ng'ambo, wakati yeye alipovuka kukimbia kodi ya kampuni. Imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwisho wake, ambapo kwa desturi huandikwa tarehe na mahali, umeliwa na mchwa. Mwaka 2019, nilipokuwa darasa la tano, nililifungua kasha bila ruhusa, nikaona juu ya bahasha stempu yenye twiga. Nikachukua mkasi, nikaikata stempu, nikailoweka katika bakuli la maji ili itoke vizuri, kisha nikaibandika katika daftari kwa gundi ya ugali. Bahasha iliyobaki ilikuwa imechakaa, nami nikaitupa jikoni, ikaungua.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Machi 2021, mji wa Palma ulishambuliwa, na watu wengi wakayakimbia makwao. Pale kwetu kila mzee alianza kuuliza habari za jamaa zake walio ng'ambo. Babu alisema, "Mjukuu wangu, niletee ile barua. Muhuri wa posta utatuambia ndugu yetu aliandikia mji gani, nasi tujue pa kuanzia kuulizia." Nililia kabla sijasema neno. Nilileta daftari langu. Katika stempu ile, baada ya maji na gundi, ilikuwa imebaki sehemu ndogo ya duara la muhuri na herufi moja tu: M.

Herufi hiyo imo katika Palma, imo katika Mocímboa da Praia, imo na katika Porto Amélia. Ni Ibo tu isiyo nayo. Babu hakunipiga. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Barua haikuwa bubu. Wewe ndiwe uliyeikata ulimi." Mpaka leo hatujui ndugu yule aliishi mji gani, wala mwaka alioandika, wala hatukupata pa kuanzia.

Tangu siku ile nimejifunza jinsi barua ya kale inavyosomwa kwa nje kabla ya kusomwa ndani, nami naeleza kwa ufupi.

Kwanza, tazama muhuri. Huo hutaja posta na tarehe, na mara nyingi ndio ushahidi pekee. Nusu ya muhuri huwa juu ya stempu, na nusu juu ya karatasi ya bahasha, kwa hiyo akataye stempu huupasua muhuri vipande viwili.

Pili, geuza bahasha. Zamani posta zilizopokea au kupitisha barua mara nyingi zilipiga muhuri mgongoni. Ukizipanga tarehe hizo, utaijua njia: ilitoka wapi, ilipita bandari gani, na ilichukua siku ngapi. Barua yaweza kuwa imechukuliwa na tarishi kwa miguu, ikatiwa jahazini, kisha ikapakiwa melini, na kila mkono umeacha alama yake.

Tatu, soma anwani. Jina la mtu, la mtaa au la bwana aliyepokea kwa niaba yake laweza kuwa na maana kuliko stempu.

Nne, usidanganyike na wingi wa stempu. Stempu za Nyasa zilipendwa sana Ulaya kwa sababu ya wanyama wake, na nyingi ziliuzwa kwa wakusanyaji bila kugusa barua yo yote. Nyingine zilipigwa muhuri kwa ajili ya kuuzwa tu. Ndiyo maana stempu ya twiga peke yake si kitu cha ajabu, lakini bahasha iliyosafiri kweli kutoka katika nchi ya kampuni ni adimu. Mimi nilikiharibu kilicho adimu ili nipate kilicho kingi.

Tano, itunze. Pwani kwetu adui wa karatasi ni wanne: mchwa, unyevu wa chumvi, jua na gundi. Weka barua katika bahasha safi kubwa kuliko yenyewe, katika sanduku la bati lililoinuliwa juu ya sakafu. Usiibandike kwa gundi wala kwa utepe wa kunata, wala usiitie maji. Usiikunjue kwa nguvu ikiwa imekauka. Ipige picha pande zote mbili, na uandike katika karatasi ya mbali nani alikuwa nayo na aliipata kwa nani.

Sita, uombe ruhusa. Barua iliyo katika kasha la mzee ina mwenyewe, hata kama mwandishi na mwandikiwa wamekwisha kufa.

Huenda msomaji akauliza, je, barua hizo zapatikana wapi? Jibu ni kwamba si lazima kwenda London. Mikindani, Lindi na Kilwa zilikuwa bandari za biashara kwa muda mrefu, na watu wake waliandikiana na Ibo, Unguja, Bombay na Maskati. Katika nyumba za wazee bado kuna makasha ambayo hayajafunguliwa miaka mingi. Mchwa hawangoji likizo, na nyumba zikibomolewa ili zijengwe mpya, karatasi ndizo zinazotangulia kutupwa.

Basi wenzangu, likizo ikifika, kabla ya kwenda uwanjani kucheza mpira, kaa na babu au bibi yako nusu saa. Mwulize kama kuna barua ya zamani nyumbani. Ukionyeshwa, osha mikono, itazame mbele na nyuma, andika unayoyaona, kisha mrudishie mwenyewe. Mkasi uache mahali ulipo.

Daftari langu ninalo hata leo, na yule twiga yumo. Sikumwondoa, wala simwonyeshi mtu kwa kujivuna. Kila nitazamapo ile herufi M huyakumbuka majina ya miji mitatu, na huomba siku moja nipate bahasha ya jirani mwingine, yenye mwandiko ule ule, ambayo haikukutana na mtoto mwenye mkasi.