Mti Uliokatwa Bado Hunywa Maji

Wajukuu zangu, mtu akitaja bunduki, wengi mnawaza chuma: mtutu, kifyatulio na mlio. Leo nitawasimulia habari za mti wake. Chuma hurusha risasi, lakini mti ndio unaolibeba pigo na kulifikisha begani kwa mpigaji. Mti ukipasuka, bunduki nzima ni mzigo tu.

Habari hii inatuhusu sisi watu wa Masumbwe, hapa Tanzania. Kabla ya Mjerumani kuja, Wasumbwa walikuwa wafanyabiashara na wawindaji wa tembo, na walisafiri mbali sana. Msumbwa mmoja, Kalasa, alifuata shaba hadi Katanga, nchi ambayo leo imo ndani ya Kongo. Mwanawe Msiri akaifuata njia ya baba yake, akalowea huko, akajenga mji wa Bunkeya na kuutawala ufalme wa Wayeke. Pembe za ndovu na shaba zilimpatia bunduki, na bunduki zikamwongezea nguvu. Alitawala hadi tarehe 20 Desemba 1891, alipopigwa risasi na ofisa wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Sasa ifikirieni safari ya kutoka huku hadi Katanga. Watu walikwenda kwa miguu, miezi kwa miezi. Bunduki zilinyeshewa na mvua za masika, zikachomwa na jua la kiangazi, zikavushwa mitoni, zikaegemezwa kwenye mawe. Chuma kikishika kutu, unakisugua na kukipaka mafuta. Mti una tabia nyingine, na lazima uijue kabla hujaugusa.

Mti umeundwa kwa mirija midogo mno, imelala sambamba kutoka mizizini hadi matawini. Ulipokuwa hai, mirija hiyo ilipandisha maji. Ukishakatwa, kazi hiyo inakoma, lakini kuta za mirija bado hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena. Zikinywa, mti unavimba. Zikikauka, unanywea. Hushiba pale maji yanapofikia kama asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu. Ajabu ni kwamba kwa urefu mti karibu haubadiliki, ila kwa upana miti mingi hupungua kati ya asilimia 5 na 10 inapotoka ubichini hadi ukavuni. Mninga wa mapori yetu ya miombo hupungua kidogo kuliko mingi, na hiyo ni sababu mojawapo ya maseremala kuupenda.

Haya, chuma hakivimbi kwa mvua. Mti ulioshikwa na chuma ukivimba, unabanwa. Ukinywea, misumari inalegea. Mwaka baada ya mwaka, ufa unatokea. Kwenye bunduki ufa hupenda kuanzia shingoni, pale pembamba nyuma ya kifyatulio, ambapo mkono hushika. Nyuzi za mti zikipita shingo hiyo kwa urefu wake, itastahimili. Zikiikata kwa mshazari, siku yoyote itavunjika.

Wawindaji wa porini hawakuwa na duka la gundi. Walikuwa na ngozi mbichi. Mwindaji Mwingereza, Frederick Selous, aliyewinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870, alieleza kuwa bunduki yake kubwa ilikuwa imefungwa kwa ngozi ya ndani ya sikio la tembo, iliyovikwa ikiwa bado mbichi na kuachwa ikauke. Ngozi mbichi ikikauka hunywea kwa nguvu na kuubana mti kila upande. Samaki mkunje angali mbichi, na ngozi nayo ni hivyohivyo: ikishakauka huikunji tena.

Siku moja bunduki ya Selous ilikataa kulia. Mchukuzi wake akaijaza baruti upya bila kuitoa ile ya kwanza. Selous alipofyatua, baruti zote mbili ziliwaka pamoja. Alirushwa juu, akaanguka kifudifudi mchangani, na mti wa bunduki ukasambaratika pamoja na ngozi yake. Fundi anajifunza hapa kwamba kifungo kizuri hurefusha maisha ya mti, lakini hakiupi nguvu usiyokuwa nayo. Selous alikuja kufia nchini kwetu, akipigana upande wa Waingereza huko Beho Beho, Rufiji, tarehe 4 Januari 1917. Pori la akiba lililopewa jina lake ndilo lililomegwa mwaka 2019 na kuzaa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Siku hizi silaha ni jambo la kibali. Sheria ya mwaka 2015 inasimamia nani amiliki bunduki na vipi, na gobore nalo limo. Mtoto akiliona gobore mahali, asiliguse, amwite mtu mzima. Lakini elimu ya mti haihitaji kibali. Iko kwenye mpini wa jembe, wa shoka, na wa sululu inayoingia duarani, yaani ndani ya shimo la machimbo, kuchimba dhahabu.

Basi shikeni haya. Mpini ukilegea, wengi huutumbukiza majini usiku kucha. Asubuhi umekaza kweli. Lakini ulipovimba ndani ya tundu la chuma, nyuzi zake zilijiponda zenyewe. Ukikauka, utalegea kuliko jana. Afadhali kupiga kabari ya mti mkavu.

Mpini mpya uchongwe kwa mti uliokaushwa kivulini, nyuzi zikienda moja kwa moja toka mwisho hadi mwisho. Ulainishe kwa msasa, kisha upake mafuta ya kitani, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikauke kwanza. Hayazuii unyevu kabisa, ila huupunguzia mwendo. Kwenye ncha pakeni zaidi, au sugueni nta ya nyuki, maana huko mirija iko wazi na maji huingia na kutoka upesi. Kitambaa chenye mafuta hayo kitandazeni nje kikauke. Kikikunjwa na kutupwa kwenye kona, kinaweza kupata joto na kuwaka chenyewe. Oili chafu ya injini msipake, kwani haikauki, inaingia ndani na kuulegeza mti.

Mti ukibonyea bila kukatika nyuzi, weka kitambaa chenye maji juu yake, pitisha pasi ya moto. Mvuke utazivimbisha nyuzi, zirudi mahali pake. Ufa mdogo wa kiti utie gundi, ufunge kwa kamba, usiuguse hadi kesho.

Lakini mpini wa shoka, nyundo au sululu ukipasuka, usifungwe kwa kamba wala kwa mpira. Utupwe jikoni uwe kuni, uchongwe mwingine. Chuma kikichomoka duarani, kwenye nafasi finyu, kinampata aliye karibu. Ufundi ni pamoja na kujua kipi hakitengenezwi tena.

Mvua za Novemba hazijafika. Nendeni kila mmoja akakague mipini ya nyumbani kwao: apitishe kidole kutafuta ufa, atikise chuma asikie kama kinacheza, aangalie ncha kama zimekauka. Utakaokuwa na ufa, mwambieni baba au mama kabla haujashikwa kwenda shamba.