Chungu Hakivunjwi na Moto

Ukisimama gulioni Masasi utasikia wateja wakimlaumu mfinyanzi. Chungu kimepasuka siku ile ile kilipobandikwa jikoni, basi udongo ulikuwa mbaya, au mama wa watu alikichoma nusu nusu apate kukiuza. Mimi nilifundisha sayansi kimu mpaka nikastaafu, na ufinyanzi niliuona kwa shangazi yangu upande wa Newala. Kwa hiyo nawatetea wafinyanzi nikijua ninachokisema. Moto ndio uliokizaa chungu, hauwezi kuwa adui yake. Kinachokivunja ni haraka, na mara nyingi ni haraka ya mpishi.

Tuanze na udongo. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, kwenye ardhi ya mchanga mwekundu inayoyanywa maji ya mvua yakapotelea chini. Kabla ya mabomba, wanawake waliteremka genge hadi mabondeni, wakapanda tena na mtungi juu ya ngata. Udongo wa kufinyangia nao unapatikana huko huko chini, maji yanakotuama. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu, hapo hapo Newala, akalitazama bonde la Ruvuma hahitaji kuelezwa uzito wa mzigo huo.

Kazi hii huku kwetu ni ya wanawake. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani, Karl Weule, alipita Masasi na Newala, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1908 alieleza jinsi mwanamke wa Kimakua alivyofinyanga chungu kwa mikono yake. Wanaume wa Kimakonde walichonga mpingo na vinyago vya mapiko, wakasifika duniani. Wake zao walioupikia ukoo mzima kwa vyungu vyao wenyewe hawakutajwa sana.

Shangazi hakuugusa udongo mbichi siku aliyouleta. Aliutandaza ukauke, akautwanga, akachambua vijiwe na mizizi, kisha akauloweka. Baadaye aliukanda pamoja na vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa. Nilipomuuliza kwa nini anatia taka kwenye udongo mzuri, alicheka. "Mwanangu, udongo mtupu una kiburi. Ukiupeleka motoni peke yake, unapasuka."

Baadaye shuleni nilikuta sababu. Udongo ukikauka hunywea, na unaponywea sana huchanika. Chembe za kigae au mchanga hazinywei, kwa hiyo zinaushikilia. Pia zinaacha vijinjia ambamo mvuke hupenya kutoka, na ufa mdogo ukianza hukwama kwenye chembe hizo badala ya kukimbia hadi ukingoni.

Hakuna gurudumu. Bonge la udongo huwekwa juu ya kigae, likachimbwa kwa ngumi, kuta zikapandishwa kwa vidole huku chungu kikizungushwa polepole. Gunzi la mhindi hulainisha nje, kipande cha kibuyu hukwangua ndani, na jiwe la mtoni lililosuguliwa miaka mingi hung'arisha. Kitako hufanywa mviringo kwa makusudi: kinakaa vizuri juu ya mafiga, na kwa kuwa hakina pembe, joto halipati mahali pa kukivutia upande mmoja. Shingoni huchanjwa mistari na pembetatu, kama chale za nyuso za mabibi zetu.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Ni kweli, lakini methali hiyo inahusu kufinyanga tu. Ukishamaliza kufinyanga, kuwahi kunageuka kuwa kosa. Chungu kinakaa kivulini, mbali na upepo, hadi kikauke ndani na nje kwa pamoja. Maji yakibaki ndani ya kuta, joto likipita nyuzi 100 yanakuwa mvuke, na mvuke hutafuta njia kwa kupasua. Ndiyo maana wafinyanzi hungoja kiangazi, na hukipasha chungu kwanza kwa makaa au moto wa nyasi kabla ya kurundika kuni na magome. Moto ukikaribia nyuzi 600, maji yaliyofungamana na udongo wenyewe hutoka, na kuanzia hapo udongo huo haurudi kuwa tope hata ukilowekwa mwaka mzima. Yale mabaka meusi unayoyaona ubavuni ni moshi tu, hayana ubaya.

Wajapani, ambao vyungu vyao huuzwa kwa bei ya dhahabu, walianzia hapo hapo. Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, watu wa zama za Jomon walifinyanga kwa mikono na kuchoma kwenye moto wa wazi. Siku hizi tanuri zao hupita nyuzi 1,200, lakini katika mji wa Iga, mkoa wa Mie, bado wanatengeneza chungu cha kupikia kiitwacho donabe kwa udongo wenye vitundu vingi. Kanuni yake ya kwanza ingemfurahisha shangazi: chungu kipya hupikiwa uji wa wali kabla ya chakula kingine chochote. Na katika mkoa huo huo wa Mie, mjini Ise, ipo makumbusho ya sanaa ya Wamakonde. Wajapani wamevuka bahari kutafuta vinyago vyetu, nasi tunashindwa kuvuka barabara kununua chungu cha jirani.

Sasa tuje jikoni. Unaponunua, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kwa sauti kavu na ndefu, kimeiva. Kikijibu kwa sauti nzito iliyokufa, kina ufa au hakikuiva. Kielekeze juani, uchungulie ndani, kisha pitisha kidole ukingoni.

Ukifika nyumbani, kioshe kwa maji matupu ukikaushe kabisa. Pika humo uji mwepesi wa muhogo au wa mchele kwa moto mdogo, uache upoe ndani, ndipo umwage. Wanga huvimba, ukajaza vitundu vya udongo, na chungu kinaacha kuvuja. Mtungi wa maji ya kunywa usiufanyie hivyo. Unatakiwa utoe jasho, kwa sababu maji yanayopenya nje na kukauka ndiyo yanayoondoka na joto. Uweke kivulini penye upepo, mbali na jiko.

Katika kupika, kumbuka mambo machache. Usibandike chungu kitupu, wala chenye kitako kilicholowa. Anza na moto mdogo. Maji ya kuongezea yawe ya moto, maana maji baridi yakigusa udongo uliopata joto, upande mmoja hunywea na mwingine umetanuka, na hapo ndipo mfinyanzi hulaumiwa. Ukiepua, kiweke juu ya ngata, si kwenye sakafu ya saruji iliyo baridi. Kwa mbaazi, kunde, njugu mawe na ming'oko, chungu hakina mshindani: hupata moto taratibu na kulihifadhi joto, kwa hiyo chakula huiva hadi kati bila kuungua.

Sabuni iache kwenye sufuria. Udongo huinywa, na kesho utaionja kwenye mchuzi. Tumia maji ya moto, majivu na kumbi la nazi. Kikaushe juani mdomo ukiwa wazi, usikifunike kikiwa na unyevu, la sivyo kitaota ukungu. Kikiota, chemshia maji humo, uyamwage, ukianike tena.

Na kikivunjika? Wajapani huunga vipande kwa utomvu wa mti ulio wa ukoo mmoja na mkorosho, kisha hupaka unga wa dhahabu juu ya mshono. Hata rangi mbadala ya utomvu huo huitengeneza kwa mafuta ya maganda ya korosho. Sisi tunazo korosho, dhahabu hatuna ya kuchezea, lakini kigae hakitupwi. Kinakaangia njugu, kinanyweshea kuku, na kikitwangwa kinarudi kwa mfinyanzi kuushika udongo mpya.

Msimu wa korosho ukifika na fedha ikiwa mkononi, nenda gulioni ununue chungu kimoja cha mboga na mtungi mmoja wa maji. Usimkandamize bei mama aliyeupandisha udongo huo kutoka bondeni. Kisha kipe chungu chako uji wake wa kwanza, na moto mdogo, na muda wa kupoa. Ukifanya hivyo, hutakuwa na sababu ya kumlaumu mtu.